Anayevutwa Naye Ni Dereva

Jioni moja nilikuwa safarini kutoka Nakuru kuelekea Nairobi. Giza lilikuwa limeanza kutanda, na katika kituo kimoja kidogo cha biashara baina ya Gilgil na Naivasha matatu tuliyoabiri ilipunguza mwendo kwa sababu ya magari mawili yaliyokuwa yakienda polepole mbele yetu. La kwanza lilikuwa pikapu lililosheheni magunia ya viazi. La pili lilikuwa gari dogo la kibinafsi, taa zake zote zimezimika. Baina ya hayo mawili palikuwa na nafasi ya hatua tano au sita hivi. Kando ya barabara walisimama wanafunzi watatu waliovalia sare, wakingoja kuvuka. Mmoja wao, msichana wa umri wa miaka kumi hivi, aliiona nafasi ile akafanya kama alivyofunzwa: akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia, akaona kwamba pikapu limekwisha kupita na gari la pili linakuja kwa mwendo wa kobe. Akatia mguu barabarani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu alimdaka kwa mkoba wake wa shuleni akamrudisha nyuma kwa nguvu. Hapo ndipo sisi abiria tulipoiona kamba. Ilikuwa kamba ya katani, rangi yake haitofautiani na vumbi la jioni, nayo ilikuwa imetanda kimo cha magoti ya mtoto.

Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi, na kila nikilitafakari naona kwamba msichana yule hakukosea. Kanuni aliyofunzwa na mwalimu wake imejengwa juu ya dhana kwamba kila gari linalopita ni kitu kimoja kinachojitegemea, na kwamba nafasi iliyo baina ya gari na gari ni nafasi kweli. Jioni ile magari mawili yalikuwa yamefungwa yakawa chombo kimoja kirefu, na hapana yeyote aliyemwarifu mpita njia. Waliokosea ni watu wazima wawili waliokuwa kwenye usukani. Na hata hapo, yamkini mmoja wao angeapa kwamba yeye hakuwa akiendesha chochote: alikuwa akivutwa tu.

Neno hilo "kuvutwa" ndilo linalonichochea kuandika makala haya. Wanafunzi wa sarufi wanaifahamu vyema kauli ya kutendwa. Tukisema "pikapu linavuta gari", pikapu ndilo mtenda. Tukisema "gari linavutwa na pikapu", gari limekuwa mtendwa: linapokea tendo, halitendi. Katika magereji yetu kuna vitenzi vitatu vinavyotumiwa kwa kazi hii, navyo ni kuvuta, kukokota na kuburura. Vyote vitatu hukifanya kile kilicho nyuma kuwa mzigo. Hubururwa gunia, hukokotwa gogo. Hatuna kitenzi kinachokumbusha kwamba ndani ya mzigo huo ameketi mtu aliyeshika usukani, mwenye breki chini ya mguu wake, na kwamba uhai wa wengine unategemea anachofanya.

Haya si mambo ya darasani pekee. Tazama jinsi tunavyomchagua mtu wa kuketi katika gari linalovutwa. Mwenye gari mara nyingi huenda mbele kumwonyesha njia yule anayemsaidia. Nyuma huachwa utingo, au mpwa ambaye hajapata leseni, au hata rafiki aliyekwisha kunywa chupa kadhaa, huku akiambiwa: "Wewe kaa hapo ushike usukani tu." Hilo "tu" ndilo lenye hatari. Limebeba imani kwamba kazi yote iko mbele, na kwamba aliye nyuma ni abiria aliyepewa gurudumu la kuchezea.

Je, sheria inasemaje? Yafaa kujua kwamba suala hili la nani ni mtenda limewahi kuwashughulisha majaji, tena kwa njia ambayo ingemfurahisha mwanaisimu yeyote. Nchini Uingereza, mwaka wa 1946, mahakama iliamua kwamba mtu aliyeshika usukani wa gari lililokuwa likivutwa hakuwa "akiendesha" kwa maana ya sheria ya wakati huo. Mwaka wa 1974 Jaji Mkuu Lord Widgery alieleza kwamba kiini cha kuendesha ni kuvitumia vyombo vya kuongozea gari ili kuelekeza mwendo wake, bila kujali mwendo huo umetokana na nini. Kisha mwaka wa 1980 ikaletwa kesi ya mtu aliyekuwa amepigwa marufuku kuendesha gari, naye akakutwa akiongoza gari lililofungwa kwa kamba nyuma ya jingine. Alikuwa na usukani, alikuwa na breki. Mahakama ilishikilia kwamba mtu huyo alikuwa akiendesha. Kwa ufupi, iliwachukua majaji miaka thelathini na minne kumtoa aliye nyuma katika kauli ya kutendwa na kumrudisha katika kauli ya kutenda.

Maamuzi hayo hayawafungi majaji wetu, lakini yana uzito. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ilitungwa mwaka wa 1953 katika enzi za ukoloni, nayo imefinyangwa kwa udongo ule ule wa Kiingereza. Isitoshe, katika suala la ulevi sheria yetu haimgusi anayeendesha peke yake. Inamgusa pia mtu yeyote mwenye dhamana ya gari barabarani hali amelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti. Basi yule rafiki mwenye chupa zake tumboni asijidanganye kwamba injini iliyozimwa itamwokoa mbele ya hakimu. Na mzazi anayempa kijana asiye na leseni usukani wa gari linalovutwa ajue kwamba anamtia katika njia panda ya kisheria ambayo wakili mwenyewe angesita kuipita.

Kuna na jambo la bima, ambalo wengi wetu hulikumbuka baada ya hasara. Sura ya 405 ya sheria zetu inadai kila gari linalotumiwa barabarani liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Hata hivyo, mkataba wa bima una masharti yake. Sharti lililozoeleka katika mikataba ya aina hii ni kwamba mwenye gari anaruhusiwa kuvuta gari moja lililoharibika, mradi asilipwe kwa kazi hiyo, na kwamba kampuni haitalipia madhara yatakayolipata gari linalovutwa. Fikiria basi hali ilivyo kwetu. Mtu anasimama kukusaidia, anakuvuta hadi mjini, nawe unampa noti mbili za elfu kwa ajili ya mafuta na shukrani. Kwako hiyo ni asante. Kwa afisa wa bima anayetafuta mwanya wa kutolipa, huenda ikawa ujira, na ujira huo ukawa umemvua msamaria mwema kinga yake yote. Kila mwenye gari na aitoe bima yake kabatini aisome kabla ya kuitoa kamba.

Tuyaache ya mahakama tuingie katika chombo chenyewe, kwa maana hapa ndipo kosa la kumdhania aliye nyuma kuwa mzigo linapoleta maafa. Injini ikizimika, gari halibaki lile lile lisilo na nguvu ya kwenda tu. Breki za magari madogo ya kisasa husaidiwa na uvutano wa hewa unaotokana na injini. Injini isipofanya kazi, msaada huo hutosha kwa kukanyaga mara moja au mbili, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na dereva hana budi kuisukuma kwa nguvu zake zote. Usukani nao unakuwa mzito, kwa sababu pampu au mota iliyokuwa ikiusaidia imelala. Endapo ufunguo utatolewa, usukani katika magari mengi hujifunga kwa kufuli lake, na gari halitapinda tena. Kwa hiyo ufunguo sharti ubaki mahali pake, umegeuzwa kiasi cha kufungua usukani na kuwezesha taa kuwaka. Mtu aliyeambiwa "kaa tu" hana habari ya haya, naye huyagundua kwenye mteremko.

Yatokanayo ni rahisi kuyaona. Gari la mbele likipunguza mwendo ghafla, la nyuma haliwezi kujua hadi kamba ilegee, na kamba ikilegea wakati umekwisha kupita. Ndiyo sababu mafundi wenye hekima husema kwamba katika kuvutana kwa kamba aliye nyuma ndiye mwenye kufunga breki zaidi: huzikanyaga kidogo kidogo ili kamba ibaki imekazika, na chombo kizima kisimame kama kitu kimoja. Kamba inayolegea na kukazika kwa kishindo hukatika, au hung'oa kile ilichofungiwa. Waya wa chuma au mnyororo ukikatika huruka kwa nguvu za kuvunja kioo na mfupa. Kwa hiyo watu wasisimame karibu wakati wa kuondoka, wala kamba isifungwe kwenye bampa au kwenye vyuma vya usukani. Magari mengi madogo huja na pete ya chuma ya kukazwa kwa hesi, nayo kwa kawaida hukaa kwenye buti pamoja na jeki na gurudumu la akiba. Ni wenye magari wachache waliowahi kuitafuta.

Kuna magari ambayo hayafai kuvutwa kwa kamba hata kidogo. Gari lisilo na breki ni la kwanza. Kulifunga kamba ni kujifungia nyundo mgongoni. Gari la namna hiyo lavutwa kwa chuma kigumu, au libebwe. Magari yenye gia za otomatiki, ambayo ndiyo mengi miongoni mwa yale tunayoyaagiza yakiwa yametumika kutoka Japani, hupata mafuta ya gia kwa pampu inayozungushwa na injini. Yakivutwa mbali huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakizunguka barabarani, gia husagika kwa ukavu. Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, na haya ya umeme yanayoanza kuonekana mijini mwetu, ni heri yabebwe mazima juu ya lori.

Malori yana maafa yao. Breki za upepo zimeundwa kwa busara: upepo ukiisha katika mfumo, springi kali huzifunga breki na lori haliendi popote. Fundi anayetaka kulivuta lori kama hilo hulazimika kuzilegeza springi hizo kwa mkono. Tangu dakika hiyo, lori lenye uzito wa tani nyingi limekuwa jiwe lenye magurudumu. Sasa fikiria jiwe hilo limefungwa kwa mnyororo nyuma ya lori jingine, likiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, au likishuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Wakazi wa huko hawahitaji mhadhara wangu kuhusu malori yaliyopoteza breki.

Najua pingamizi litakalotolewa, nami naliona kuwa na haki. Msomaji ataniambia: gari limekufa njiani saa mbili za usiku, mfukoni nina nauli na kidogo cha chakula, brekidauni inadai pesa ambazo sina, na nikiliacha gari hapa kesho nitakuta mifupa yake. Aidha, kuliacha barabarani ni hatari kwa wengine. Nani kati yetu hajaona lori lililokwama gizani, halina pembetatu za tahadhari zinazotakiwa na sheria, limewekewa matawi mawili ya mti ambayo dereva huyaona yakiwa tayari chini ya magurudumu yake? Sheria yenyewe hairuhusu gari kuachwa mahali panapozuia njia, nayo yawapa polisi uwezo wa kuliondoa.

Hapo nako pana kilio kingine. Malalamiko ya madereva kuhusu ada za kukokotewa magari yao yamekuwa mengi kwa miaka, na pesa zikitozwa bila stakabadhi wala maelezo, raia hujifunza kuiogopa brekidauni kuliko anavyoiogopa kamba ya katani. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 40, inailinda mali ya mtu. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio halali na wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Gari likichukuliwa, mwenyewe ana haki ya kuuliza limechukuliwa kwa kosa gani, linapelekwa wapi, na ada imewekwa na nani. Ada zikijulikana na kuwa nafuu, kamba nyingi zitabaki kwenye buti.

Kwa hivyo sisemi kuvutana kupigwe marufuku. Nasema kuvutana ni msaada wa dharura, na dharura ina mipaka. Wajerumani wameuweka mpaka huo waziwazi: anayevuta gari lililoharibika kwenye barabara zao kuu za mwendo wa kasi lazima aiache barabara hiyo kwenye njia ya kutokea iliyo karibu, na magari yote mawili yawashe taa za tahadhari. Nafasi baina ya magari isizidi mita 5, na kamba ionekane vizuri, mathalani kwa kufungwa kitambaa chekundu. Waingereza wanasema nafasi isizidi mita 4.5, na ikipita mita 1.5 kamba lazima ifanywe ionekane na watu walio pande zote mbili za barabara. Tuyapime maneno hayo: "pande zote mbili". Dereva anayekuja kwa nyuma huiona kamba kwa shida, na wa mbele haioni kabisa. Aliye ubavuni ni mpita njia. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu kama msichana yule wa Gilgil.

Kuna jambo moja zaidi ambalo taaluma yangu hainiruhusu kulipita. Watu wawili wanaovutana wanaandika sentensi moja kwa mikono miwili, nao huondoka bila kuafikiana maneno. Kabla ya kamba kufungwa, yafaa wakae wapatane: honi moja maana yake nini, taa zikimulika mara mbili maana yake nini, tutapita njia gani, tutasimama wapi, na nani atatoa ishara akishindwa. Wapo wanaodhani kwamba simu ya mkononi imeliondoa tatizo hili. Lakini kushika simu huku ukiendesha ni kosa, nasi tumekwisha kuona kwamba aliye nyuma anaendesha. Mikono yake miwili inahitajika kwenye usukani uliokuwa mzito.

Na maneno hayo yatatoka wapi, ikiwa sheria yenyewe haisemi lugha ya gereji? Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, sheria zetu hutungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza, na fundi anayefunga kamba saa mbili za usiku huzijua kwa kusimuliwa na polisi siku anapokamatwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ingefanya jambo jema kuchapisha ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi kuhusu kukokota magari, ukabandikwa katika kila gereji na kila kituo cha mafuta. Mambo kumi yanatosha: aliye nyuma awe na leseni na awe na akili timamu, ufunguo ubaki mahali pake, gari lisilo na breki lisivutwe kwa kamba, kamba ifungwe kwenye pete yake na ivikwe kitambaa chekundu, taa za tahadhari ziwake, mwendo uwe wa polepole, ishara ziafikiwe, abiria washuke, kukiwa giza pangojewe mapambazuko ikiwezekana, na safari iishie mahali pa usalama palipo karibu.

Kwenu walimu wenzangu, hasa mnaofundisha shule zilizo kando ya barabara kuu, nina ombi dogo. Mnapowafunza watoto kutazama kulia, kushoto na kulia tena, ongezeni tazamo la nne. Wakiona magari mawili yamekaribiana na yanakwenda polepole, watazame baina yake, chini, kimo cha magoti. Wakitilia shaka, wangoje la pili lipite. Somo hilo halihitaji chumba wala kitabu. Laweza kufundishwa uani kwa kamba ya kurukia na wanafunzi wawili, mmoja akiwa pikapu na mwingine akiwa gari bovu.

Nasi tulio na magari tukate kitambaa chekundu leo, tukifunge pamoja na kamba iliyo kwenye buti, ili zikitoka zitoke pamoja. Jioni ile yule mama alimwachilia mtoto, akairudia meza yake ya vitunguu, na dereva wa gari bovu akapita mbele yake ametazama mbele, mikono miwili kwenye usukani, bila kujua kwamba lolote lilikuwa karibu kutokea.